Vitz ya fedha (1F7): fenda imekwaruzwa hadi bati, bampa na boneti navyo vimeharibika. Makopo ya kupuliza yanatosha?

mtoto_wa_chumbageni

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua kazi ya rangi. Gari ni Toyota Vitz ya 2008, rangi ya fedha, kibati cha kwenye nguzo ya mlango kimeandikwa C/TR 1F7, yaani msimbo wa rangi. Liko Tanga, na pa kufanyia kazi ni banda la mabati lililo wazi pande mbili. Kompresa sina.

Kazi ziko tatu. Fenda ya nyuma kushoto, juu ya tairi, ina mkwaruzo wa sentimita kama 30 na katikati pamebonyea kina cha milimita 4 hivi. Rangi imetoka hadi bati, kutu imeshashika, na kandokando rangi imeanza kuvimba. Bampa la nyuma kona hiyohiyo limechubuka, mahali pengine plastiki nyeusi inaonekana. Ya tatu ni boneti: klia (lile tabaka angavu la juu ya rangi) imebanduka sehemu mbili, kila moja ukubwa wa sahani, na kingo zake bado zinainuka.

Ninachotaka kujua: kwa makopo ya kupuliza tu, kazi hii inaweza kukaa walau miaka mitatu? Ninunue makopo mangapi, misasa namba ngapi? Na boneti naweza kupulizia klia juu ya palipobanduka bila kugusa rangi?

bati_na_puti

Mkuu, boneti nawaachia wengine. Nizungumzie fenda, maana hapo ndipo pesa yako itakapopotea ukiharakisha.

Kabla ya kununua chochote, chukua bisibisi bapa uchokonoe pale palipovimba, kisha ingiza mkono chini ya fenda upande wa tairi uchokonoe na huko. Ikitoboka, achana na habari ya puti, ule mchanganyiko mzito wa kujazia mabonde. Puti ya poliesta inanyonya maji. Ukiziba tundu kwa mbele, maji yanayorushwa na tairi yanaingia kwa nyuma, na masika moja tu inatosha kuleta malengelenge. Tundu linakatwa na kuchomelewa bati jipya. Isipotoboka, endelea.

Osha eneo zima kwa maji ya bomba na sabuni, suuza sana. Uko pwani, upepo unaleta chumvi, na chembe ya chumvi ikifungiwa chini ya rangi inavuta unyevu mpaka rangi inanyanyuka. Baada ya hapo toa mafuta, na hii ifanyike kabla ya msasa, si baada yake tu. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Tumia dawa ya kutoa mafuta ya mafundi wa rangi, vitambaa viwili: kimoja kina dawa, cha pili kikavu kinafuata nyuma kabla dawa haijakauka yenyewe. Petroli na dizeli ambazo wengi wanafutia barabarani zinaacha utando wa mafuta, halafu tunamlaumu muuza rangi.

Kutu iondoe kwa msasa namba 80 mpaka bati ling'ae. Rangi iliyovimba ifuate hadi ufike ile iliyoshika bati sawasawa, hata kama kidonda kitaongezeka mara mbili. Vidoti vyeusi vinavyobaki ndani ya vishimo ni kutu hai. Pakaa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, iondoe kama ilivyoelekezwa, kisha kausha kabisa. Mabaki ya asidi chini ya praima (rangi ya chini inayoshikisha rangi) yanafanya praima isishike.

Sasa kingo. Msasa 180, kisha 320, mpaka kila tabaka lionekane kama pete: bati, praima ya kiwandani, fedha, klia. Kila pete iwe na upana wa sentimita moja au zaidi. Fumba macho upitishe ncha za vidole kutoka kwenye rangi nzima kwenda kwenye bati. Ukisikia kingazi, hata kidogo, kitaonekana kwenye rangi mpya, tena fedha haifichi kitu.

Kwa pwani nashauri praima ya epoksi kwanza, puti ije juu yake. Ikishapita muda wake wa kupokea tabaka jingine (soma kopo), ikwaruze kwa 180 ndipo upake puti. Wapo wanaopaka puti kwenye bati tupu lililokwaruzwa kwa 80, na inashika vizuri tu, ila siku unyevu ukipenya unalikuta bati halina kinga. Usichothubutu kufanya ni kupaka puti juu ya praima ya asidi. Asidi inapigana na hadina (dawa ya kugandisha inayochanganywa humo) na puti ya chini haikauki.

Milimita 4 zinabebeka kwa puti. Zikizidi 5 tafuta mtu wa kunyoosha bodi kwanza, kwa sababu puti nene inapasuka kwa joto na mtikisiko. Hadina ni 2% kwa uzito, yaani gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Mizani ya jikoni inatosha, usikisie kwa macho. Hadina ikizidi haiharakishi kazi kwa faida yako: ile ya ziada inapanda juu polepole na baada ya wiki kadhaa unaona doa la manjano kwenye fedha yako. Changanya kwa kuikandamiza na kuitandaza kwenye kibao bapa. Usiikoroge, maana kukoroga kunaingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo vitundu vya sindano utakavyoviona baada ya msasa. Kwa joto la kwenu una dakika tatu au nne tu, kwa hiyo changanya kidogokidogo, upake mikono (yaani tabaka) miwili au mitatu myembamba.

Puti ipigwe msasa mkavu, siku zote mkavu: 80 kutengeneza umbo, 180, kisha 320. Msasa uzungushie kibao, usiushike kwa vidole, vidole vinachimba mifereji.

Kibarani_254

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu hapo juu amemaliza habari ya bati, mimi niongezee bampa na hewa ya pwani.

Geuza bampa uangalie ndani utaona herufi, kwa kawaida PP na kitu kingine mbele yake. Hiyo ni polipropilini, plastiki ambayo rangi haiipendi kabisa. Ukipuliza praima ya kawaida juu ya ile plastiki nyeusi, itabanduka kwa presha ya maji siku ya kwanza ya kuosha gari. Dawa yake ni praima ya plastiki, ile inayokaa kama maji, mikono miwili myembamba, na inapigwa tu pale plastiki ilipo tupu. Juu ya rangi ya zamani haina kazi. Ngoja dakika 10 kisha praima ya kawaida ifuate bila kupiga msasa katikati.

Usitumie msasa mkali kwenye plastiki. Kuanzia 180 kushuka (namba ndogo ndiyo kali zaidi) plastiki inaota manyoya, na kila ukisugua yanazidi. Anza na 320, malizia 600 kwa maji. Kama kuna mkwaruzo wenye kina, usiweke bodi fila ya bati, yaani puti ya kawaida. Bampa linapinda, fila ile haipindi, itapasuka. Kuna fila ya plastiki inayonyumbuka, uliza dukani kwa jina hilo.

Jambo la hewa. Thina (kiyeyushi kilichomo kwenye rangi) inapokauka inapoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, ule uso uliopoa unavuta umande. Unaona rangi imeingiwa na ukungu mweupe kama maziwa. Kipimo cha bure: kama kioo cha gari lililolala nje bado kina umande, usiguse kopo. Anza kama saa nne asubuhi na uwe umemaliza klia kabla upepo wa bahari wa mchana haujaanza kukuletea vumbi. Gari liwe kivulini tangu mapema. Bati lililotoka juani linakausha rangi kabla haijatandaa, uso unabaki na mabonde kama ganda la chungwa. Ukungu ukishatokea usifute. Acha ikauke, subiri saa yenye hewa kavu, puliza mkono mwembamba juu yake, mara nyingi unaondoka. Kwenye klia ya hadina hauondoki kirahisi hivyo.

Na mwaga maji sakafuni kabla ya kazi ili vumbi litulie, lakini nusu saa kabla, si wakati unapuliza. Ukimwaga wakati unapuliza unajiongezea unyevu uleule unaoukimbia.

msasa1500

Hesabu ya makopo. Kopo la mililita 400 nalihesabu nusu hadi robo tatu ya mita ya mraba kwa mikono mitatu iliyojaa. Kwa fenda na bampa:

praima ya epoksi 1, praima ya kujazia 1, praima ya plastiki 1 ndogo, fedha 1F7 makopo 3, klia 2. Misasa 80, 180, 320, 600, 800, 1000, 2000, 3000. Masking tepu ya mafundi wa rangi, si ile ya ofisini inayoacha gundi.

Makopo matatu ya fedha yatoke kwenye mchanganyo mmoja. Msimbo 1F7 ni mwanzo tu. Rangi moja ina tofauti ndogondogo kadhaa kulingana na kiwanda na mwaka, na gari lako limekula jua kwa miaka mingi. Makopo yaliyojazwa tayari kiwandani yanaandikwa fedha ya Toyota na kuishia hapo. Nenda duka linalochanganya rangi za magari kwa msimbo na linaloweza kujaza kwenye kopo, ubebe kifuniko cha tangi la mafuta ulichokisafisha kwa kompaundi (dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi) ili walinganishe.

Usipulize kwenye gari kabla ya kupuliza kwenye kipande cha bati. Kipige mikono mitatu ya fedha, nusu yake ipate klia, kiweke kando ya fenda nje kwenye mwanga wa mchana, ukitazame kwa mbele na kwa ubavu. Fedha bila klia inaonekana imepauka na itakudanganya.

Fedha ndiyo rangi ngumu kuliko zote kwa kopo na sababu ni hii. Ndani yake kuna vipande vidogo vya alumini. Ukipuliza karibu na mbichi sana, vinazama na kukaa ovyo, pale panakuwa peusi. Ukipuliza kutoka mbali rangi ikafika nusu kavu, vinalala juu, pale panakuwa peupe. Mtu anayesema "rangi waliyonichanganyia haikulingana" mara nyingi ana rangi sahihi na mkono usio sahihi.

Mkono wenyewe: tikisa kopo dakika mbili kuanzia pale kigololi kinaposikika. Umbali sentimita 20 hadi 25, mkono uende sambamba na bodi, usizungushe kiwiko kama unapepea mkaa. Bonyeza kabla ya kufika kwenye sehemu, achia baada ya kuipita. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, praima ionekane bado. Dakika 10. Wa pili na wa tatu ujaze, na kila mmoja uende sentimita 5 hadi 8 nje ya uliotangulia, ili fedha mpya iyeyukie kwenye ya zamani badala ya kuishia ghafla. Kisha rudi nyuma hadi sentimita 30 au 35 upige mkono mmoja wa ukungu tu juu ya eneo lote, huo unasawazisha mabaka. Futa kichwa cha kopo kila baada ya mistari michache, tone likijikusanya pale litarushwa kwenye kazi.

Ukiona uchafu kwenye fedha usipige msasa ukaenda moja kwa moja kwenye klia. Msasa unazikata zile alumini na alama inabaki kijivu. Piga 800 kwa maji polepole, kausha, rudia mkono wa fedha.

Usibandike tepu katikati ya bamba, yaani kipande kizima cha bodi. Fedha inaishia hewani, klia inafunika bamba lote hadi kwenye kiungo. Kabla ya hayo, eneo lote litakalopata klia lisuguliwe kwa 1000 ya maji mpaka lififie lote, lisibaki na mng'ao. Penye mng'ao klia itabanduka.

Kasoro ya Vitz na magari mengi: fenda ya nyuma haina kiungo inapopanda kwenye nguzo, ubavu ni bati moja linaloendelea juu ya milango. Kwa hiyo klia iishie mahali pembamba kuliko pote kwenye nguzo, tepu uikunje nusu igeuke juu ili ukingo uwe laini, na kuna thina maalumu ya kuyeyushia ukingo wa klia. Usipoipata, ukingo huo utaupigia 3000 na kompaundi, ila ujue unaweza kuonekana tena baada ya muda.

mtoto_wa_chumbageni

Asanteni sana. Nimechokonoa, haijatoboka mbele wala nyuma.

Klia dukani ziko za aina mbili, moja ina kitufe chekundu chini na bei yake ni zaidi ya mara mbili. Kuna tofauti ya kweli au ni jina? Pia fenda hii inaonekana ilishapakwa rangi zamani, kuna mahali fedha yake ni tofauti kidogo na mlango. Hiyo ina shida?

mzee_wa_klia

Tofauti ni ya kweli, na ndiyo inayojibu swali lako la miaka mitatu.

Klia ya kopo la kawaida inakauka kwa thina kuondoka tu. Hakuna kinachofungamana ndani yake. Miezi sita baadaye ukimwagikiwa na petroli wakati wa kujaza tangi inalainika, na jua la pwani linaimaliza mapema. Ile yenye kitufe ina hadina ndani ya chumba chake. Unabonyeza kitufe, hadina inamwagika kwenye klia, unatikisa dakika mbili, na kuanzia hapo saa inahesabu: kati ya saa 24 na 48 kutegemea kopo, iliyobaki inaganda humohumo. Kwa hiyo panga fenda na bampa vifikie klia siku moja. Ukibonyeza kitufe ndipo ukumbuke hujamaliza fedha, kopo limekwenda.

Sasa tahadhari, na hili sitalisema kwa upole. Hadina hiyo ina aisosayaneti. Ikishauchokoza mwili wako, mtu anaweza kupata pumu inayorudi kila akiisogelea hata kidogo, na harufu haikupi onyo la kutosha. Barakoa ya hospitali na kitambaa cha mdomoni havizuii chochote. Unahitaji barakoa ya raba yenye vichujio vya mvuke wa kemikali pamoja na vichujio vya chembe, vipya, imekaa usoni bila ndevu kuingilia, glavu, miwani, mikono mirefu, na banda lenye hewa inayopita. Watoto na majirani wasiwe upande upepo unakoelekea. Mwenye pumu asiiguse kabisa. Kama barakoa hiyo haipatikani, kazi ya klia mpe fundi mwenye chumba cha kupulizia. Na makopo yote, ya aina zote, yanarushwa kwa gesi inayowaka, kwa hiyo jiko, sigara na kuchomelea viwe mbali. Usiyaache ndani ya gari juani pia, mwisho wake wa joto ni nyuzi 50.

Kuhusu fenda iliyopakwa zamani: chovya kitambaa cheupe kwenye thina kali, kibonyeze kwenye sehemu iliyofichika kwa sekunde 30, kisha sugua. Rangi ikitoka kwenye kitambaa au ikinata, chini kuna rangi ya thina isiyo na hadina. Ukipulizia juu yake mkono mzito, thina mpya itaivimbisha na uso wote utakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Hapo una njia mbili. Ya uhakika ni kuiondoa yote. Ya pili ni kuifungia kwa praima ya epoksi yenye hadina, mikono myembamba ya ukungu, ukisubiri kila mmoja ukauke, na usijaze mpaka uone haichezi. Kitambaa kikitoka kisafi, ni rangi ya kiwandani au ya hadina, endelea bila wasiwasi.

Boneti. Klia haipulizwi juu ya klia inayobanduka, mkuu. Kingo unazoziona zinainuka ni mwanzo tu. Jua limeshaua mshikamano kati ya klia na fedha hata pale panapoonekana pazima. Klia mpya itakaa juu ya ile inayoondoka na zote mbili zitaondoka pamoja. Klia ya kiwandani ina mikroni 40 hadi 50, chini ya unene wa unywele, na ndiyo iliyokuwa inazuia jua lisifike kwenye fedha. Fedha iliyokaa wazi miezi kadhaa imekufa, ukisugua inatoka unga wa kijivu.

Kazi yake ni kuitoa klia boneti nzima kwa 320 na 400, praima, fedha, klia upya. Na hapa kwa makopo sikushauri. Boneti ni karibu mita ya mraba, imelala, inatazamwa kwa mwanga wa juu. Kopo lina upana wa mpulizo wa kiganja tu, na kila unapopishanisha mistari kwenye fedha panabaki mchirizi. Kwenye fenda iliyosimama macho yanasamehe. Kwenye boneti hayasamehi. Fanya hivi: fungua boneti, msasa wote upige mwenyewe, kisha mpe fundi mwenye kompresa na bunduki apulize. Ila usimpelekee ikiwa na praima ya kopo la kawaida, rangi yake yenye hadina na thina kali inaweza kuinyanyua. Mpelekee ikiwa imekwaruzwa tu, praima aweke yeye.

Kibarani_254

Hapo kwa praima umesema kweli, mzee. Na bampa nalo apulize likiwa limetolewa kama anaweza. Mikato yake inaingia chini ya taa na kwenye kiungo cha fenda, ukipuliza likiwa garini panabaki mstari wa rangi ya zamani ukifungua buti. Asisikitike kama fedha ya bampa itatofautiana kidogo na ya fenda, hata magari mapya yanatoka kiwandani hivyo, plastiki na bati havipakwi pamoja.

bati_na_puti

Nilisahau praima ya kujazia, ndiyo inayomaliza kazi ya puti. Mikono mitatu, dakika 10 katikati, iache usiku mzima. Halafu chukua rangi nyeusi ya kopo lolote, simama mbali, puliza vumbi jepesi sana juu ya praima yote, kama umenyunyiza pilipili manga. Piga 600 ya maji kwenye kibao. Panapobaki vidoti vyeusi ni shimo, pataongezwa puti laini. Panapoondoka haraka na kufunua puti au bati ni mlima. Endelea hadi weusi wote uishe kwa pamoja, malizia 800 kwa sababu rangi ni fedha. 600 peke yake inatosha kwa nyeupe ya kawaida, kwenye fedha mikwaruzo yake inaonekana baada ya klia kukauka na kunywea. Ukifunua bati, rudisha praima hapo, hata kama ni ukubwa wa shilingi.

Na maji hayo yasiguse puti iliyo wazi.

msasa1500

Makosa yatakayotokea siku ya klia, maana yatatokea.

Vishimo vya duara vyenye kingo, kama rangi imekimbia kitu: ni silikoni. Kwa kawaida imetoka kwenye dawa ya kung'arishia tairi au dashibodi iliyopulizwa karibu na gari, hata siku za nyuma. Usijaze kwa kupuliza zaidi, shimo linapanuka. Simama, acha ikauke, msasa, toa mafuta upya, anza tena na mikono ya ukungu.

Mchirizi uliotiririka: usiuguse ukiwa mbichi. Klia ya hadina ipe siku mbili. Kata kichwa cha mchirizi kwa msasa 1000 uliozungushiwa kipande kidogo kigumu, ukisugua juu ya mchirizi tu, hadi uwe sawa na uso. Kisha 2000, 3000, zote kwa maji yenye tone la sabuni, halafu kompaundi kwa mkono au mashine ya mwendo mdogo. Kwenye kingo na mistari ya bodi usipite na mashine, klia hapo ni nyembamba na utafika kwenye fedha kabla hujajua.

Chembe ya vumbi au mdudu: mwache. Utamtoa kwa 2000 baadaye. Anayemfukuza mdudu kwa ncha ya kidole anatengeneza shimo la kidole.

Klia yenyewe mikono miwili. Wa kwanza wa wastani. Gusa masking tepu iliyopulizwa, ikinata bila kuvuta uzi piga wa pili, uwe umelowa hadi uone mwanga wa nje umejichora juu yake. Kuanzia fedha ya mwisho hadi klia ya kwanza subiri dakika 20 hadi 30, na usilale nayo hadi kesho. Tepu itoe klia ikiwa bado laini, uikunje nyuma juu ya yenyewe. Ikikauka na tepu juu yake inapasuka ukingo.

Gari lisioshwe wiki moja. Nta isipakwe kwa siku 30, thina iliyobaki inahitaji njia ya kutokea. Kinyesi cha ndege kikianguka ndani ya muda huo kitoe siku hiyohiyo kwa maji mengi, bila kusugua.

Kopo la fedha likibaki, ligeuze kichwa chini ubonyeze hadi itoke gesi tupu. Usipofanya hivyo kichwa kinaziba na utalitupa likiwa nusu.